Ripoti Niliyoipeleka kwa Afande

Nimechoka kusema, "Usimpe mtu pasiwadi yako." Kila Jumamosi baada ya chai nawakusanya vijana wa kambi yetu ya polisi chini ya turubai, simu zote kwenye beseni, nasema yale yale. Wananijibu, "Ndiyo, madamu." Wananitazama? Thubutu! Macho yote kwenye beseni.

Nafundisha usalama wa mtandaoni, kwa Kiswahili, maana hapa kambini ndicho kinachotukutanisha: huyu Mwacholi, yule Mlugbara, mwingine mama yake Muganda. Mimi nimezaliwa humu, nikaolewa humu humu. Na malezi ya kambi ni haya: jambo likitokea, unaripoti kwa mkubwa. Mbuzi kapotea, ripoti. Jirani kalewa, ripoti. Hukai na jambo la mtu tumboni.

Mwaka jana binti mmoja wa sekondari alibaki nyuma kunisaidia kukunja mikeka. Kumbe ana lake. Alikuwa na rafiki wa kiume, kijana wa mtaa wa Kabalagala, nje ya kambi, na kijana akamwambia, "Kama unanipenda kweli, nipe pasiwadi ya akaunti yako." Akampa. Baada ya kukaa darasani kwangu miezi mitatu, akampa! Walipokosana, kijana akaibadilisha, akawa anawatukana rafiki wote wa binti kwa jina la binti mwenyewe. Shuleni hakuna aliyemsemesha tena.

"Madamu, nisaidie niirudishe akaunti yangu," akaniambia. "Lakini baba asijue. Akijua, atanitoa shule."

"Sawa, mwanangu."

Haikuwa kazi ngumu. Namba ya siri ya kuirudisha ingetumwa kwenye simkadi yake, angeiingiza, angeweka pasiwadi mpya, basi. Ila simu yake ilikuwa imeisha chaji, tukaahidiana Jumapili mchana.

Jioni ile ile nikaenda kwa baba yake. Sijui hata nilifikiri nini. Hapana, najua sana. Yeye ni afande, mume wangu ni konstebo wa chini yake. Nikajiuliza, nitamfichaje mkubwa jambo la nyumbani mwake? Akija kulisikia kwingine, tutamwambia nini?

Alinisikiliza akiwa amesimama, buti hajavua. "Umefanya muzuri kuripoti," akasema. Akamwita binti, akaichukua simu, akaiweka sakafuni barazani, akaikanyaga mpaka ikawa vipande, simkadi na yote. Binti hakulia. Alinitazama mimi, si baba yake. Wallahi, ningepigwa makofi ningeona nafuu.

Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshapandishwa basi kwenda kijijini kwa bibi yake, Kitgum, mbali kaskazini. Shule ikaishia hapo. Akaunti iko kwa yule kijana mpaka leo, na picha ya binti iko pale, kavaa sare yake ya shule, anacheka. Simkadi ya kuirudishia nayo ilikanyagwa. Wenzangu wa kambi wananiambia yaliyopita si ndwele. Waseme. Mimi naona aibu, na bado kila Jumamosi natandika mikeka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimefika pale pa siku zote: "Mtu akikutisha kwenye simu, usinyamaze. Njoo uniambie mimi." Mkono ukainuka nyuma. Msichana mdogo, mpole, hajawahi kuuliza kitu.

"Madamu, tukikuambia, wewe utaripoti kwa nani?"

Wote walijua. Nilikuwa na jibu zuri, lile la kwenye karatasi za mafunzo. Nikaliacha.

"Mara ya mwisho," nikasema, "niliripoti kwa baba yake."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitaka. Akaja mbele, akachukua simu yake kwenye beseni, akasema, "Asante, madamu," akaondoka. Mwingine akainuka. Halafu wawili pamoja. Sikumzuia mtu. Nilipoinama kukunja mikeka, mlikuwa na simu moja tu mle beseni, yangu.