Pale Ziwa Linapokomea

Habari za msiba zilinikuta Cyangugu asubuhi, nikitazama ukungu ukijivuta juu ya Ziwa Kivu na mitumbwi ya kuvulia sambaza, wale dagaa wetu, mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti, ikirudi ufukweni kama inayoelea hewani. Mpimaji wetu amefariki. Ndiye yule bwana wa ofisi ya mipango niliyezoea kumtania katika safu yangu hii ya gazeti kwamba anachora mistari mahali ambapo Mungu hakuchora. Nimehuzunika, sifichi.

Kazi yake ilikuwa kuamua pwani ya ziwa inaishia wapi, ili uchumi wake upimwe. Yaani nani anakula kwa ziwa na nani anakula kwa jembe. Walio ndani ya mstari wangepewa vibarua vya kuwavusha ule msimu ziwa linapofungwa ili samaki wazaane. Mwanzoni alipima umbali kutoka majini tu, na mstari ukapita chini ya kilima cha mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, ng’ambo ya mpaka, aliyeanika sambaza uani kwake. Nilikuwapo alipomwambia kwamba yuko nje.

“Papa, ni kweli, hapa sionake maji,” alijibu mama, mikono kiunoni. “Lakini bakifunga ziwa, batoto bangu banalala na njaa. Iyo njaa iko ya mulima ao ya ziwa?”

Mpimaji alicheka, kisha akamjibu kwa Kiswahili kile kile cha Bukavu. “Bon, Maman. Wakati batafunga ziwa nitarudia, tutaona.”

Akarudi kweli, nami nikamfuata kwa udadisi. Tulipanda tukiwa tumeyapa maji kisogo. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu, msuka vikapu amekaa kizingitini, muuza kuni anasinzia. Kila tulipokuta kazi imesimama kwa kukosa samaki alisema, “Bado tuko pwani,” na mimi nilijihisi natembea chini ya ziwa, mawimbi yakipita juu ya migomba. Alisimama tu tulipokuta watu wanalima kama walivyolima jana. Wakubwa wake waliuona mstari mpya umepinda kama njia ya mbuzi, wakanuna, lakini wakaupitisha. Yule mama akapata kibarua.

Tumemzika kwao Gikundamvura, kwenye mashamba, mbali kabisa na mstari wake. Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa wazi na sambaza tele, ila nilipopita sokoni Kamembe nilikuta meza za samaki tupu. Nikaguna kwamba akina mama siku hizi wamekuwa wavivu. Kumbe walikuwa wametangulia makaburini, yule wa kilimani akiwa mbele, kitenge chake kikinuka samaki. Na huko, ambako majembe hayajawahi kusimama kwa ajili ya ziwa, yalikuwa yamelazwa chini, maana kwa desturi jirani halimi siku ya maziko.

Nilisimama kati yao nikilia bila haya. Alitufundisha kwamba ukubwa wa kitu huonekana kinapokoma, kwa kutazama kazi za nani zimesimama. Nilitazama huku na huku mashambani, na sikuona mahali alipoishia.