Nyusi za Gathoni

Mzee Lokuruka alikuwa ametoka Gotu kuuza mbuzi. Alipofika kwenye kibanda cha nguo cha Gathoni, pale mtaa wa Bulla Pesa, alivua kofia akamkazia macho. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Gathoni, si sisi tulikuzika?"

Mama Gathoni ndilo jina aliloitwa marehemu mama yake Gathoni. Gathoni alidhani ni mzaha, lakini mzee hakucheka. Alirudi nyuma polepole, macho hayamtoki, akaenda zake bila shuka aliyokuwa ameagiza.

Jioni Gathoni alijitazama kwenye kioo. Nyusi zilikuwa zimeshuka, na ngozi ya kope imelalia macho. Ili aone vizuri, ilimbidi akunje paji la uso kutwa nzima mpaka kichwa kimuume. Alikuwa amefikia umri aliofia mama yake.

Binti yake, Sheila, alimpeleka Nairobi kwa daktari wa upasuaji aliyeitwa Mwenda.

"Nataka hii ngozi ya kope ikatwe," Gathoni alisema.

"Ngoja kwanza, mama. Funga macho. Legeza paji la uso kabisa. Sasa fungua bila kuinua nyusi."

Alifungua. Ndani ya kioo alichoshikiwa, nyusi zilikuwa zimeanguka hadi kwenye kope, na aliyekuwa akimtazama ni marehemu, mzimamzima. Gathoni alijaribu kuinua paji. Likakataa kwa muda.

"Ni huyo," Sheila alisema. "Ndiye namuonanga ukilala."

Daktari hakuuliza ni nani. Aliweka kidole juu ya unyusi mmoja, akausukuma juu kidogo. "Shida imeanzia hapa. Nyusi umezishikilia na paji siku nzima. Nikikata kope peke yake, paji litapumzika, nyusi zishuke zaidi. Nikikata ngozi nyingi, macho hayatafunga. Afadhali niinue nyusi. Kovu litakaa juu ya nyusi tu. Lakini sura ya ujana siwezi kukurudishia."

"Na yangu ya sasa?"

"Hiyo itabaki."

Akachagua nyusi. Kope zikaachwa, waone baadaye kama bado kuna haja.

Wiki za kwanza macho yake hayakufunga vizuri. Alasiri moja Sheila alimkuta amelala kwenye kochi, weupe wa jicho ukionekana. Akamwita ampe dawa. Gathoni aliitika akimwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo marehemu nyanya yake pekee alilitumia, akamwambia afunge mlango kwa sababu baridi inaingia. Nje jua lilikuwa linachoma. Alipoamka hakukumbuka neno.

Kidonda kilipona. Kichwa kiliacha kuuma, na nguo zilizotundikwa juu kibandani aliziona bila kuinua kidevu. Kope hazikuhitaji kuguswa. Wateja walimwambia anaonekana amepumzika.

Sheila hufurahi naye. Ila hamwamshi tena mama yake akiwa usingizini. Husimama mlangoni, akangoja aamke mwenyewe.