Mapazia ya Nyumba ya Mtini

Dada yangu hakuwahi kumwonea wivu mwanamke yeyote wa mtaani kwetu. Hao aliwamudu. Wivu wake wote aliumalizia kwenye mti.

Shemeji yangu ni seremala. Huko porini, mbali na barabara, alimjengea tajiri mmoja nyumba ndogo ya mbao juu ya mti, ya kulaza wageni waliochoshwa na miji yao. Hakupiga msumari hata mmoja kwenye shina. Aliifunga kwa kamba nene, na kwa kuwa mti hunenepa, ilibidi aende mara kwa mara kuzilegeza. Akirudi ni sifa tu. "Amenawiri yule," atasema akinawa mikono. "Nimemlegezea mkanda kidogo, anapumua." Dada anabamiza sufuria. Yeye amezaa mara tatu na hakuna aliyemlegezea mkanda.

"Mti gani huo mtu anaulalia siku nne?" aliniuliza siku moja akiwa kwenye cherehani yake, kana kwamba mimi ndiye mumewe. "Kule pana mtu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Aliyelisema alikuwa yeye mwenyewe tu, lakini dada akishika jambo, ameshika.

Safari iliyofuata tukaandamana na shemeji, mimi nikabebeshwa begi. Lori la mbao lilitushusha barabara ilipoishia, tukakata mbuga kwa miguu mpaka nyayo zikawaka moto. Shemeji mbele anapiga mluzi, dada nyuma ananung'unika kwamba mtu mwenye furaha kiasi hicho ana lake jambo.

Nyumba yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Sakafu inang'aa, kitanda cha magogo kimechongwa kwa subira, na upepo ukivuma chumba kizima kinayumba polepole. Sisi nyumbani kitanda kinashikiliwa na tofali. Dada alizunguka akinusa mito. Akainua godoro. Kisha akafika dirishani, akashika pindo la pazia, akaligeuza.

"Nani kashona?"

Shemeji akajikuna kichwa. "Fundi mmoja, kule njia panda."

"Anaitwa nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke wapi! Mzee wa watu, ana ndevu mpaka hapa."

Mimi nilishusha pumzi. Dada hakushusha. "Na mimi niko wapi? Mkeo anashonea mtaa mzima, wewe unakwenda kuomba mshono kwenye ndevu?"

"Nilikuomba, mama watoto. Ukaniambia nisubiri zamu kama wateja wengine. Nikasubiri mpaka wageni wakakaribia."

Shemeji alipoteremka kwenda kwenye kamba zake, dada aliniita dirishani. Mishono ya yule mzee ilikuwa midogo, imelingana, na kwa nje haionekani kabisa.

"Angekuwa hawara ningejua pa kumshika," dada akasema. "Huyu nimshike wapi?"

Akateremsha pazia la kulia, akalifumua pindo, akaanza kulishona upya kwa mkono. La kushoto aliliacha vilevile, ili mumewe aone tofauti. Alishona mchana kutwa, na chini tukamsikia shemeji akiubembeleza mti: "Pole, bibiye, nimekubana?" Kila akisema hivyo, dada anajichoma kidole. Mimi nikimsaidia dada kushona, kazi yangu ni vifungo tu, lakini niliona pindo likienda kombo. Nadhani naye aliona, maana alipolitundika hakunitazama usoni.

Jioni shemeji alipopanda, jasho linamtoka, dada alimsimamisha mbele ya dirisha hata maji hajanywa.

"Moja nimelishona mimi. Lipi?"

Nikatamani kuruka chini. Shemeji akasogea, akapitisha kidole kwenye pindo hili, kisha lile, huku akitabasamu kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuwa na mke mwingine. Akashika la kushoto.

"Mkono wako naujua," akasema. "Yule mzee hawezi kushona hivi."

Dada akalinyoosha pindo lile la mzee.

"Ndiyo," akasema. "Hilo ni langu."