Mkono wa Kushoto

Mke wangu alipotia mkono wa kushoto kwenye sinia la wali, mbele ya mama yangu na shangazi zangu, niliupiga kofi. Kwetu Bagamoyo mkono huo una kazi yake, na si kulia chakula. Mama akasema, "Huyu hakufundwa." Mke wangu akanong'ona, "Niwie radhi, bwana, huu mwingine umechoka." Nikamjibu kwamba mkono hauchoki kwa kula, na wanawake wakacheka. Nilijiona nimesema la maana, mpumbavu mimi.

Tangu siku ile akawa anakula peke yake jikoni, nami nikadhani adabu imemwingia. Asubuhi alishika kichwa na kutapika. Tukasema ni mimba, na mama akaanza kuchagua jina. Mara mbili aliniomba nimpeleke Mkange kwa mama yake, kizee ambaye miguu haikumchukua tena. Nikamwambia angoje. Mwezi wa tatu tangu kofi lile, maneno yakaanza kumpotea: akitaka maji, husema mlango. Mama akataka apungwe pepo. Aliponyamaza kabisa ndipo nikamwita tabibu Mzungu wa upande wa misheni.

Yule bwana alijua Kiswahili cha kutosha. Alimwambia mke wangu atoe ulimi, nao ukapinda kulia. Akamwambia afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili. Wa kulia ukashuka polepole wenyewe. Akamgonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, na mguu wa kulia ukaruka kuliko mwenzake. Akasema ugonjwa umo kichwani, upande wa kushoto, maana kila upande wa ubongo huendesha upande wa pili wa mwili. Nilistaajabu mtu kujua yaliyomo ndani ya fuvu bila kulipasua.

"Sasa nisaidie, bwana," akasema. "Kioo changu cha kutazamia ndani ya jicho kilivunjika safarini, sina ila maneno yako. Ikiwa ugonjwa ulimshika ghafla, ni mshipa wa damu. Alale, asitikiswe, huenda akainuka. Ikiwa ulikuja kidogo kidogo, kuna kitu kinaota humo na sina dawa yake. Kama ana jamaa wa kuagana nao, apelekwe leo. Ulianza lini?"

Mama yangu alikuwa ananitazama. Kusema miezi mitatu kulikuwa kukiri kwamba nilimpiga mgonjwa na watu wakacheka.

"Juzi," nikasema. "Ghafla tu."

Kusema kulikuwa kumempotea mke wangu, si kusikia. Aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha vidole vitatu.

"Siku tatu?" tabibu akauliza, akinigeukia mimi.

"Naam," nikasema. "Siku tatu."

Mke wangu alinitazama kidogo, kisha akaurudisha mkono juu ya shuka. Mama akainamisha kichwa. Tabibu akaagiza mgonjwa asiondolewe kitandani, nasi tukalishika agizo hilo mpaka siku tulipomtoa kwenda kumzika.

Mama mkwe aliletwa kutoka Mkange kwa machela, siku ya pili ya matanga. Aliniuliza kwa nini sikumpelekea mwanawe angali hai. Nikamwambia tabibu alikataza, naye akanishukuru kwa kumuuguza vizuri.