Fumbo la Mia Moja

Kazini walimwita Bikari, kwa kuwa wenzake wote walichora kwenye kompyuta, naye peke yake aliingia ofisini na bikari ya chuma mfukoni. Alitunga mafumbo ya jiometri ya mchezo wa simu. Siku zote alianzia kwenye jibu: anachora mchoro mzima, kisha anafuta mstari mmoja mmoja, mpaka ibaki pembetatu tupu na swali lake. Wachezaji walidhani wanagundua. Kumbe walikuwa wanarudisha alichokifuta yeye.

Mafumbo tisini na tisa yalitoka bila jina la mtu. La mia, bosi aliahidi, litabeba jina la mtungaji wake. Bikari alikuwa ameinamia karatasi miaka tisa. Alilitaka jina lile mpaka akajionea haya.

Akatunga hili: tafuta nukta ndani ya pembetatu ambayo, ukitazama kutoka hapo, pande zote tatu zinaonekana kwa pembe zilizo sawa. Akalipeleka kwa kaka yake, seremala, ambaye humjaribia mafumbo kwa penseli juu ya ubao.

"Limekubali," kaka alisema baada ya saa nzima. "Ila pembetatu zako, dada, zote zimekaa kitako kama wageni. Iliyojilaza hujui kuichora?"

"Wewe piga randa, kaka. Jiometri niachie."

"Haya, mheshimiwa."

Siku ya kikao cha kuchagua fumbo la mia, bosi alishika kipeo, ile ncha ya juu ya pembetatu, kwa kidole, maana kwenye mchezo ule kila kipeo huvutika. Akakiburuta chini mpaka pembetatu ikalala chali. Miduara ya Bikari, ambayo makutano yake ndiyo nukta yenyewe, ikakutana nje ya pembetatu. Ndani hamkuwa na kitu.

"Nukta imekwenda wapi?" bosi aliuliza, kwa upole uliouma kuliko matusi.

Bikari aliitazama ile pembetatu iliyolala. Miaka tisa mkono wake ulikuwa ukichora pembetatu moja tu, ile nzuri. Mtu mmoja alikuwa amemwambia, naye akamtuma akapige randa.

Nafasi ya la mia ikapewa fumbo la mfanyakazi mwenye miezi minne kazini. Bikari akatakiwa aliandikie suluhisho, hatua kwa hatua, kwa ajili ya watakaokwama. Alivuta kila kipeo, kila upande, akilitafutia ufa. Chai ikapoa. Fumbo halikutikisika, tena lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akaandika hatua tano, fupi, zinazoeleweka na mtu yeyote, chini ya jina la mwenzake.