Pasi ya Baridi

Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini lilikaa bila kazi miaka mingi hata ungemwita nalo angegeuka nyuma kutazama nani anaitwa. Mtaa mzima ulimjua kama Bwana Mkunjo. Alikuwa dobi, na hakuweza kuona kitambaa kilichokunjamana akanyamaza. Aliwahi kumsimamisha askari wa barabarani, mtu na filimbi yake mdomoni, ili amwambie tu kwamba mfuko wa shati lake ulipigwa pasi na mtu mwenye hasira.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja, kati ya duka la dawa na kijiwe cha fundi viatu. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka, pasi ya umeme nzito, chupa ya kunyunyizia maji, na juu kabisa, karibu na dari, waya uliokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo ndipo alipotundika nguo zilizokwisha pigwa pasi. Waya ulikuwa juu kupita kiasi, na kulikuwa na sababu. Binti yake alifiwa na mama angali mdogo, akakulia humo humo kibandani, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kuning'inia kwenye mikono ya mashati ya watu na kujifutia kamasi. Siku alipolivuta gauni jeupe la bibi harusi likatumbukia kwenye beseni la maji ya buluu, Bwana Mkunjo hakumpiga. Alichukua nyundo, akaupandisha waya hadi mahali ambapo hata yeye aliufikia kwa kusimama kwa ncha za vidole. Tangu hapo haukushushwa tena.

Sasa binti alikuwa mtu mzima, dereva wa lori, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya barabara bila kuhitaji honi. Na bega la kulia la Bwana Mkunjo lilikuwa limegoma. Kusukuma pasi mbele na nyuma lilikubali, lakini mkono ukiambiwa upande juu ya sikio, bega lilisema hapana, tena kwa ukali. Basi akawa anatundika nguo kwa mkono wa kushoto, amesimama juu ya kreti la soda, huku akitoa maneno ambayo si ya kuandikwa hapa.

Siku moja binti alipita na lori lake, akamkuta juu ya kreti, mguu mmoja hewani, ameng'ang'ania suruali ya mtu.

"Baba, shuka."

"Nashuka mwanangu. Ngoja kwanza hii suruali..."

"Baba!"

Akashuka. Binti alimtazama bega, akalitazama kreti, akakata kauli. "Mwisho wa mwezi napita tena. Utatundika shati kwenye waya huo mbele yangu, kwa mkono wa kulia, bila kreti. Ukishindwa tunafunga, unakuja kukaa kwangu."

"Nikae nifanye nini?"

"Utazame televisheni."

Maishani mwake Bwana Mkunjo hakuwahi kutishiwa kitu kibaya kama hicho. Televisheni aliijua. Ilikuwa imejaa watu wenye makoti yaliyokunjamana migongoni, na hakuna njia ya kuwafikia.

Wiki iliyofuata, dereva mwenzake na binti alishusha kifurushi. Ndani mlikuwa na kifaa kimoja cha ajabu: mpini uliojaa kiganjani, na mwishoni kichwa cha chuma kinachong'aa, bapa, laini, upana wa kisigino cha mtoto. Mtu mwingine angejiuliza ni nini hiki. Bwana Mkunjo hakujiuliza hata kidogo. Kina mpini, kina uso wa chuma laini, kimetumwa kwa dobi. Ni pasi. Pasi ndogo ya kola na marinda!

Machozi yakamlenga. Kumbe yule mtoto, kwa ukali wake wote, moyoni hakutaka kibanda kifungwe. Nani humnunulia pasi mtu anayetaka aache kupiga pasi? Aliibusu ile pasi mbele ya fundi viatu bila aibu.

Palikuwa pia na karatasi ya maelekezo, yenye maandishi ambayo hakuna mtaani aliyeyajua hata herufi moja, na picha ya mwanamume kifua wazi akitabasamu amefumba macho.

"Huyu mbona yuko uchi?" fundi viatu aliuliza. Huyu fundi viatu alikuwa mtu wa kuuliza uliza, na viatu vingi vya watu vilichelewa kwa sababu hiyo.

"Kavua shati lipigwe pasi," Bwana Mkunjo alijibu. "Tena anafurahi, maana anajua limo mikononi mwa mtu mwenye vifaa."

Jibu likamtosheleza fundi, nami sina la kuongeza.

Akakichaji kwa waya wa simu, akabonyeza kitufe. Kikanguruma polepole na kutetema. Alilowanisha kidole, kama dobi yeyote afanyavyo kupima pasi, akagusa chuma akisubiri kile kisauti cha maji kuungua. Kimya. Akagusa tena. Kidole kikapoa. Akasubiri pasi ishike moto, na kadiri alivyosubiri ndivyo ilivyozidi kuwa baridi, hadi ikawa kama chupa iliyotoka kwenye friji. Aliikagua kila upande akitafuta barafu imewekwa wapi. Hakuona barafu, wala tundu la kutilia maji.

"Mbovu hiyo," alisema fundi viatu.

"Mbovu ni wewe," alisema Bwana Mkunjo, ingawa moyoni alikuwa na wasiwasi.

Angefanyaje? Amwambie mwanawe zawadi yake haifai? Alijikaza kisabuni, akapiga shati kwa pasi yake kubwa, kisha kwa heshima tu ya binti akaipitisha ile ndogo juu ya kola ingali ya moto. Halafu akainama, akatazama, macho yakamtoka. Kola ilikuwa imekauka na kusimama wima kama imekatwa kwa mbao. Miaka yote alikuwa akipuliza mikunjo kwa mdomo ili ipoe na kushika, mashavu yakimuuma, na kumbe wenzetu wa mbali walikwisha tengeneza pasi ya pili, ya kupoza kazi ya ile ya kwanza!

Jioni binti alipiga simu akiwa njiani, injini inanguruma. "Umekipata, baba?"

"Nimekipata, mwanangu! Mungu akuweke!"

"Unakitumia?"

"Kutwa nzima. Sikiweki chini."

"Na unaona nafuu?"

"Nafuu? Sijawahi kuona kitu kama hiki!"

Binti akakata simu ameridhika kabisa. Baba naye akalala ameridhika kabisa, kwa upande wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa unawaka moto.

Mambo yangeishia hapo kama si mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa na shingo nene yenye matuta, na tai aliyoikaza hata jua likiwa la utosi. Asubuhi moja alikuja kuchukua shati, akalivaa pale pale nyuma ya mlango, na mara akasikika akitoa mguno ambao si wa kiofisi.

"Dobi, umeitia nini hii kola?"

"Nimeipitishia pasi ya baridi, mwalimu."

"Ni tamu!" Akasimama amefumba macho. Baada ya muda akasikitika. "Inaisha baridi. Ipitishe tena."

"Basi vua shati, mwalimu."

"Nimechelewa gwaride. Pitisha hivi hivi, nikiwa nimelivaa."

Bwana Mkunjo alisita. Kupiga pasi nguo ikiwa mwilini mwa mtu ni dhambi ya kwanza katika kazi ya udobi. Lakini hii haikuwa na moto. Akamwinamisha mwalimu mkuu mezani, paji la uso juu ya blanketi, akaanza kuinyoosha kola, kushoto kwenda kulia, kifaa kinatetema, na mwalimu mkuu akaanza kuimba wimbo wa shule chini chini. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu kwa raha. Siku hiyo, wanafunzi walisimulia, hakuna aliyeadhibiwa.

Siri ya namna hiyo haikai. Kesho yake mwalimu mkuu alikuja na mwalimu wa hesabu. Kesho kutwa wakaja wapagazi wa sokoni na fulana zao zisizo na kola hata za kusingiziwa, wakiomba "zinyooshwe" mgongoni. Akaja mwenye duka la dawa, ambaye kwake mlijaa dawa za maumivu kutoka sakafuni hadi juu, akataka kupigwa pasi kiunoni. Bwana Mkunjo aliwapiga pasi wote. Aliwaza tu kwamba watu wa siku hizi wana haraka sana, hawana hata muda wa kuvua nguo. Kila mmoja alimwinamisha mezani, akamkagua, akamwambia ukweli wake: "Hapa una mkunjo mkubwa." Na kweli ulikuwepo, ila chini ya ngozi.

Bega lake mwenyewe lilizidi kuwa bovu. Kupiga pasi watu kulikuwa kazi nzito kuliko mashati, kwa sababu mashati hayasemi "hapo hapo, ongeza". Mwisho wa mwezi ulivyokaribia alijaribu kuinua mkono kila alfajiri. Ulifika usawa wa kidevu, ukakataa. Usingizi ukamwisha. Aliitazama meza, akalitazama blanketi lenye alama za moto ambazo kila moja aliijua ilivyotokea, na akasikia uchungu wa mtu anayeaga.

Siku ikafika. Binti aliegesha lori, akakuta foleni imetoka nje ya kibanda hadi mbele ya duka la dawa. Watu wazima, wengine na mikoba ya ofisini, wote wamelegeza kola. Akajipenyeza hadi ndani. Mezani alikuwa amelala mwalimu mkuu, mikono imening'inia, na juu yake baba yake, kijasho kinamtoka, akimpitishia shingoni kile kifaa cha kukandia.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nampiga pasi mwalimu," alijibu Bwana Mkunjo, kama mtu aliyeulizwa saa.

Binti akauliza taratibu, "Na hicho ulichoshika ni nini?"

"Si ndiyo ile pasi uliyoniletea, mwanangu!"

Binti aliangua kicheko hadi akakaa sakafuni. Alipoweza kusema tena, akaeleza: hicho ni kifaa cha kukandia misuli, kinapoza bila barafu, yeye hukitumia mwenyewe mgongoni baada ya safari ndefu. Alikinunua kwa ajili ya bega. Foleni nzima ikakubali kwa vichwa. Wao walijua tangu siku ya kwanza, lakini nani angekuwa mjinga wa kusema, akapangiwa bei ya daktari?

Bwana Mkunjo hakucheka. Alikiweka kifaa mezani, uso umemshuka.

"Kwa hiyo hukuniletea pasi," alisema. "Mimi nikadhani umeniletea pasi ili nisiache kazi."

Kicheko cha binti kikakatika. Akainuka, akamtoa mwalimu mkuu mezani kwa kumsukuma kama gunia, akamkalisha baba yake kwenye kreti. "Umeukanda mtaa mzima, baba. Bega lako umelipitishia mara ngapi?"

Bwana Mkunjo akajinyoosha kola.

"Hata mara moja?"

"Shati langu halikuwa na mkunjo," alisema Bwana Mkunjo kwa sauti ndogo.

Binti akawasha kifaa, akakiweka juu ya bega la kulia. Bwana Mkunjo aliruka, kisha akatulia, kisha uso wake ukawa ule ule wa yule mwanamume wa kwenye karatasi. Watu wa foleni walingoja bila kunung'unika. Baadaye binti akachukua shati jingine la mwalimu mkuu lililokuwa limekunjwa pembeni, akalitia kwenye hanga, akampa.

"Haya, baba. Mkono wa kulia."

Bwana Mkunjo alisimama. Akapiga moyo konde, akainua. Mkono ulipita kidevu, ukapita sikio, watu wakashangilia, ukafika juu kidogo ya kichwa, ukasimama hapo. Waya ulikuwa bado mbali. Alijinyoosha kwa ncha za vidole, akauma meno, na hanga likaning'inia hewani bila kugusa kitu. Polepole akaushusha mkono, akalikumbatia shati kifuani, na kwa mara ya kwanza akaonekana mzee.

Binti aliutazama waya kwa muda. "Hivi, nani aliuweka juu namna hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Ulikuwa unayavuta mashati."

Binti alitoka hadi kijiweni kwa fundi viatu, akarudi na nyundo, akapanda juu ya kreti, akang'oa misumari upande huu na upande ule, na kuugongomelea waya upya, chini, usawa wa paji la uso la mwalimu mkuu, ambaye aliugundua usawa huo mara moja.

"Nimeshakua, baba," alisema akishuka. "Siyavuti tena."

Bwana Mkunjo akatundika shati kwa mkono wa kulia, nyayo zote mbili chini. Likakaa. Makofi yakapigwa hadi barabarani. Binti naye, dereva wa lori asiyeogopa mteremko wowote, alisimama akilitazama lile shati linaning'inia, pua ikaanza kumtoka maji, akatafuta leso asiione, na kabla akili haijamkaa sawa akauvuta mkono wa shati la mwalimu mkuu, akajifutia.

Baba yake alilitazama shati, akamtazama mwanawe. Kisha akainua mkono wa kulia, akalishusha, akawasha pasi kubwa.