Shavu Moja la Mheshimiwa

Saluni ya Mama Wembe ilikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa, na sheria moja aliyoachiwa na marehemu mumewe: yanayosemwa kitini hayavuki kizingiti. Ndiyo maana wakubwa walimpenda. Na hakuna mkubwa aliyekifaidi kiti kile kama Mheshimiwa, waziri mstaafu wa ulinzi. Alikuwa akijitupa hapo, anafumba macho, kisha anatoa dukuduku lote.

"Vita hivi havina kichwa wala miguu, mama. Tunawamaliza watoto wa watu bure."

Akishanyolewa, anatoka nje mdomo kufuli. Waandishi wakimwuliza, anatabasamu, anasema yeye kastaafu, siku hizi anafuga mbuzi wake. Mbuzi, jamani!

Mama Wembe alikuwa akimeza tu. Lakini kitindamimba wake alikuwa hukohuko vitani, na kila simu ikilia, mama wa watu alikuwa anaikimbilia na povu mikononi.

Asubuhi moja Mheshimiwa akaja, ndevu nyeupe zimemjaa, akaanza wimbo wake uleule. Mama Wembe akampaka povu, akanyoa shavu la kulia mpaka likang'aa. Kisha akakunja wembe, akautia mfukoni.

"Tayari, baba."

Mzee akajitazama kiooni. "Tayari nini? Na huku je?"

"Huko mpaka uyaseme nje haya unayonisemea humu. Mimi nimefungwa mdomo na sheria ya kiti. Wewe umefungwa na nini?"

"Una wazimu!"

"Ninao. Mwanangu yuko kwenye mahandaki, wewe unafuga mbuzi."

Mzee akatoka amejifunika leso. Vinyozi wengine walikuwepo tele, hakuna aliyemfunga kamba. Mama Wembe alilijua hilo, akashinda kutwa anajilaumu: kafukuza mteja, kakosa adabu kwa mtu mzima, na vita viko palepale.

Jioni, televisheni ya duka la jirani ikamtoa Mheshimiwa huyo, suti nyeusi, tai shingoni, ndevu upande mmoja! Waandishi hawana mbavu. Akawaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe.

"Kinyozi wangu kakataa kumalizia mpaka niseme kweli," akasema. "Basi nasema. Tulijua tangu mwanzo kwamba vita hivi havina mshindi. Nilinyamaza kwa kuogopa kuitwa msaliti. Kaeni mezani. Warudisheni watoto."

Mama Wembe akapiga kigelegele, akamkumbatia mwenye duka pamoja na gunia la sukari alilokuwa amebeba.

Kesho yake, foleni! Spika mstaafu, jenerali mstaafu, mawaziri wa zamani ambao walikuwa hata hawasalimiani, wote wanataka nusu. Wananyolewa shavu moja, wanakwenda moja kwa moja kwa waandishi. Serikali ikawaita wazee waliochanganyikiwa. Mara nusu ndevu zikaonekana sokoni, viwandani, mpaka kwa makarani wa serikali yenyewe. Sasa utamkamata nani, umwache nani? Wakubwa walivuta muda, wakanuna, mwisho wakakaa mezani, na bunduki zikanyamaza.

"Njoo basi nikumalizie," Mama Wembe akamwambia Mheshimiwa, anacheka.

"Bado. Mpaka arudi wako."

Akaendelea kuja kunyolewa shavu lilelile, mtaa mzima unamtania, naye anajibu mapigo.

Siku moja alikuwa kitini, ameshapakwa povu, mara mlangoni akasimama kijana mwenye begi begani, amekonda, ndevu kichaka. Wembe ukamponyoka Mama Wembe. Akamrukia mwanawe shingoni, akalia kwa sauti, bila haya, wapita njia wanachungulia.

 Mheshimiwa akainuka na povu lake, akakifuta kiti kwa taulo, akakigeuza kielekee mlangoni.

"Keti wewe, mwanangu," akamwambia kijana. "Mimi nitasubiri."